Uliza Fundi: Chaja ikiwashwa, redio inakwaruza

SWALI: Shikamoo fundi. Kwenye bajaji yangu nimefunga ile moduli ya buluu ya LM2596, inashusha volti 12 ziwe 5 ili abiria wachaji simu. Simu inachaji fresh tu, shida ni redio, ukiwasha chaja stesheni za FM za mbali zinapotea inabaki mikwaruzo. Nimeongeza kapasita ya maikrofaradi 2200 kwenye autiputi, hamna kitu. Jamaa yangu ana oskiloskopu, kile kifaa kinachochora umeme kwenye skrini, tumepima tukaona miiba, yaani volti zinazoruka ghafla, ya kama milivolti 400. Nifanyeje? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Hiyo 2200 itoe, haikusaidii. Kapasita kubwa ya elektrolaiti ikishapita kilohezi mia kadhaa inaanza kujifanya koili, na miiba yako iko kwenye makumi ya megahezi huko, kwa hiyo inaipita kama haipo.

Halafu hizo milivolti 400 msiziamini kwanza. Probu (ile kalamu ya kupimia) ya jamaa yako bila shaka ina ule waya wa graundi wenye kibanio, sentimita 15 hivi, huo una kama nanohenri 150 na ukikutana na pikofaradi 12 za probu unalia wenyewe, yaani unatetemeka kama kengele, karibu na megahezi 118. Jaribuni hivi: ncha ya probu na kibanio vyote viwili vishike sehemu moja ya graundi ya moduli. Miiba ikionekana bado, basi mingine mnaitengeneza nyie wenyewe kwa kupima. Toeni kofia ya probu, zungushieni waya mfupi kwenye shingo yake, gusisheni moja kwa moja kwenye miguu ya kapasita ya autiputi, hapo ndo mtaona ukweli.

Sasa ugonjwa wenyewe uko upande wa inputi, watu wengi wanahangaika na autiputi bure. Angalia njia hii: kapasita ya inputi, mguu wa 1 wa IC (ile chipu ya LM2596), unatokea mguu wa 2, dayodi, graundi, unarudi kwenye kapasita. Humo mkondo unakatwa na kuwashwa mara 150,000 kwa sekunde (LM2596 feki nyingi ziko kwenye 50,000 hivi) na kila ukikatwa ni ghafla mno, hicho kighafla ndo kinazaa noizi. Duara likiwa pana linarusha kama antena. Chukua seramiki ya maikrofaradi 10 ya volti 50, aina ya X7R (alama ya daraja la seramiki), na nyingine ya nanofaradi 100, zichomelee kati ya mguu wa 1 na wa 3 (graundi), karibu kabisa, usiweke miguu mirefu. Usinunue ya volti 16 eti betri ni 12, injini ikiwaka unakuta 14 na zaidi, na seramiki ikibanwa karibu na volti yake ya mwisho inapoteza uwezo mwingi.

Ikibaki mikwaruzo, weka snaba sambamba na dayodi, yaani risista na kapasita kwa mfululizo za kuzima mtetemo. Hapa usikisie. Pima mguu wa 2, soma mtetemo unaobaki kila mkondo ukikatwa unalia megahezi ngapi, tuseme 90, yaani uko ndani ya FM kabisa! Ongeza kapasita ndogo ndogo sambamba na dayodi mpaka mtetemo ushuke nusu, 45. Kama imechukua pikofaradi 330, gawa kwa 3 unapata 110, hiyo ndo kapasita iliyojificha kwenye bodi, na ukipiga hesabu koili iliyojificha ni kama nanohenri 28, risista inakuja oms 16. Weka ya 15 na ile ile 330. Joto lake ni miliwati 10 hivi, dogo sana.

La mwisho ni waya za nje. Waya wa sentimita 75 ni robo ya wimbi la megahezi 100, na waya wa chaja haupishani sana na hapo, kwa hiyo unakuwa antena nzuri tu ya bure. Pitisha waya zote mbili, chanya na hasi kwa pamoja, ndani ya pete ya feraiti (ile nyeusi ya kumeza noizi) karibu na moduli, zungusha mara mbili tatu, fanya hivyo hivyo upande wa betri. Ukipitisha moja tu umepoteza pete. Na moduli isikae nyuma ya redio jamani, isogeze.

SWALI: Paua benki yangu inatoa kamlio kembamba nikichaji saa au kitu kidogo, nikichaji simu inanyamaza. Itaungua? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Haiungui. Mzigo ukiwa mdogo saketi inaruka mapigo ili isile betri, masafa yanashuka chini ya kilohezi 20 ambapo sikio linasikia, na koili na seramiki zinatetemeka kweli. Ikikukera tone la gundi ngumu kwenye koili linapunguza, ila kufungua paua benki yenye betri ya lithiamu kwa ajili ya kamlio, mi nisingefungua.