Mars Attacks! kwa watoto wa mtaa: ionyeshe, ila chagua watazamaji

Dada, umeuliza kama Mars Attacks!, filamu ya kuchekesha ya Wamirihi (viumbe wa sayari ya Mirihi) wanaovamia dunia, yafaa kuonyeshwa watoto wa mtaa wenu hapo Langoni usiku wa Idi. Wakubwa, wa miaka 12 kwenda juu, naam. Wadogo walale.

Sisi tuliitazama darini, shuka jeupe kwenye kamba ya kuanikia. Njiwa wa amani aliporushwa, Wamirihi wakamchoma papo hapo, kisha wakageukia watu. Tulicheka mno! Ila mpwa wangu wa miaka sita, alipoona mifupa ya kijani imebaki mchangani, aliingia ndani ya buibui la mamake akakataa kutoka.

Kasoro yake ni mwanzo kujikokota. Mwongozaji Tim Burton (1996) alijaza waigizaji kama jahazi la mkesha wa Maulidi; Jack Nicholson peke yake ni rais na pia tajiri wa hoteli Las Vegas. Wengi wanakufa hujawajali hata kidogo. Wamirihi wenyewe, na kelele zao za bata, ndio wanaoibeba.

Mmirihi aliyejifanya mwanamke akiingia Ikulu usiku, peleka mbele haraka. Na bibi yako umwite: silaha ya mwisho inatoka kwa ajuza na santuri zake.