Misemo ya Kiingereza kazini: usikariri orodha, sikiliza vitenzi

Mkuu, umeuliza kwa nini taarifa ya habari ya BBC unaielewa vizuri, ila ukiingia kikao na Waingereza na Wamarekani unatoka kapa, na kama ununue kitabu cha misemo ukikariri.

Kitabu achana nacho. Vingi vimejaa "raining cats and dogs" (mvua kubwa) na "kick the bucket" (kupiga teke ndoo, yaani kufa). Mimi niko kwenye uwakala wa forodha hapa Dar, nashinda kwenye simu na wateja wa nje, na hiyo ya ndoo sijawahi kuisikia. Kinachokuacha hoi ni vitenzi vifupi. "Put" unaijua tangu shule ya msingi, lakini "put off" ni kuahirisha, "put up with" ni kuvumilia, "put out" ni kuzima moto. Msoma habari mara nyingi atasema "postpone". Mtu kwenye simu atasema "put off", tena kwa kuimeza.

Baada ya hapo ni michezo. Wamarekani wanachota sana kwenye besiboli. Mteja akiomba "ballpark figure" anataka makadirio ya haraka ya ushuru na gharama za bandari. Ukianza kumkokotolea hadi senti unamchosha. Waingereza wao ni kriketi: aliye "on the back foot" amebanwa, anajitetea. Sheria za michezo yenyewe wala huzihitaji.

Halafu kuna balaa la "table". Mwingereza akisema "let's table it" anataka hoja ijadiliwe sasa hivi. Mmarekani anataka iwekwe kando. Churchill, waziri mkuu wa Uingereza enzi hizo, ameandika kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili maofisa wa nchi hizo mbili walibishana weee juu ya waraka mmoja, kumbe wote walitaka ujadiliwe! Wenye lugha hao.

Kwa hiyo uliza bila aibu, ila usiishie kwenye "sijaelewa". Mrudishie kwa maneno mepesi: "So we move it to Friday?" Atakubali au atakurekebisha, na kikao kinaendelea. Jioni fungua kamusi ya Oxford Advanced Learner's, nenda kwenye kitenzi, shuka hadi palipoandikwa PHR V (phrasal verbs, yaani vitenzi kama "put off"). Misemo iko kwenye IDM (idioms). Andika sentensi nzima na aliyeisema katoka wapi.

Hiyo iliyokushinda kwenye kikao iweke hapa tuichambue.