Barua kwa mwanangu: kinu kilichomo ndani ya neno toil

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Muheza. Sisi hatujambo, mvua zimeanza na michungwa ya uani imechanua.

Ujumbe wako wa juzi usiku nimeusoma mara tatu. Unasema kitabu unachokitafsiri kina sentensi hii: "Years of toil had bent his back." Wewe ukaandika, "Kazi ngumu ya miaka mingi ilikuwa imempinda mgongo." Mhariri akakurudishia, eti "kazi ngumu" haitoshi. Sasa unaniuliza: toil ina nini zaidi ya kazi ngumu, na neno lenyewe limetoka wapi? Nimefundisha Kiingereza miaka 31 na neno hili nalipenda, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Mhariri wako amesema kweli. Kazi ngumu mtu anaweza kuifanya huku anaimba. Seremala akishinda na randa kutwa nzima, jioni ana mlango wa kuuegemea na kuutazama. Toil haina raha hiyo, na ukitaka kujua sababu, fuata lilikotoka. Warumi wa kale walikuwa na kinu kidogo cha kuponda zeituni kabla ya kuzikamua mafuta, wakikiita tudicula. Jina hilo lina asili katika kitenzi chao cha kupiga na kutwanga, tundere. Kutokana na kinu wakapata kitenzi cha kukoroga na kuvuruga. Kitenzi kikaingia Kifaransa cha zamani, na watu wa Normandia walioiteka Uingereza mwaka 1066 ndio waliopeleka Kifaransa chao huko. Lakini Waingereza walipolipokea neno, mwanzoni halikuhusu kazi kabisa. Lilikuwa neno la ugomvi: watu kuvutana, kubishana, kushikana mashati. Mwishoni mwa karne ya 14 ndipo likaanza kusemwa juu ya mtu anayehangaika na kazi. Kinu hakijatoka humo ndani, mwanangu. Kilichobadilika ni kwamba zeituni zimeondolewa, akatiwa mtu.

Uliuliza pia kama lina udugu na toilet. Halina. Hilo lina asili ya kitambaa, toile ya Kifaransa, kile kilichotandikwa juu ya meza ya kujipambia. Kitambaa hichohicho ndicho kilichozaa toils, nyavu za wawindaji. Toil yetu imefanana nayo sura tu.

Sasa fungua Biblia, Luka 5. Petro na wenzake wamevua usiku mzima. Ile ya Kiingereza ya mwaka 1611 inasema, "we have toiled all the night, and have taken nothing." Ya kwetu inasema, "tumefanya kazi ya kuchosha usiku kucha, tusipate kitu." Nakumbuka nilivyofurahi siku nilipoziweka hizo mbili ubavu kwa ubavu. Hao waliotutafsiria hawakuandika "kazi ngumu". Walijua kwamba kilicho ndani ya neno ni uchovu wenyewe, nyavu kushuka na kupanda hadi alfajiri na mtumbwi mtupu. Kigiriki cha hapo nacho kina maana ya kuchoka, na asili yake ni kitenzi cha kupiga. Lugha mbili tofauti, na zote mbili zimemwona mtu aliyechoka zikamfananisha na kitu kilichopigwa.

Mimi hilo nililiona kwa macho kabla ya kulisoma. Babu yako alitoka upande wa Songea mwaka 1951 kuja kukata mkonge, akawa manamba kama wenzake. Unajua manamba ni nini? Ni number ya Kiingereza, kwa sababu kila kibarua aliandikwa kwa namba yake. Baadaye alihamishiwa korona, yaani kwenye mashine ya kuponda majani ya mkonge ili kupata nyuzi, na mimi ndiye niliyempelekea chakula. Majani mabichi yaliingia upande mmoja, ngoma ya chuma yenye mapanga butu ikayaponda, maji ya kijani yakaruka kila mahali, na upande wa pili zikatoka nyuzi. Maji yale yanawasha. Jioni mama alimpaka mafuta ya nazi, na mikono aliishika wazi juu ya magoti, viganja juu, kama mtu anayeomba dua, maana kuikunja kulimuuma. Uzeeni alianza kusahau majina yenu wajukuu, lakini ukimwuliza namba yake ya shambani aliitaja bila kusita. Siku niliposoma habari za tudicula kwa mara ya kwanza nilifunga kitabu nikakaa kimya. Niliiona korona.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Kiswahili kinalo neno: suluba. Andika, "Suluba ya miaka mingi ilikuwa imempinda mgongo." Nalo ni zito, maana masikioni mwetu Wakristo liko jirani sana na kusulubiwa, na sioni kwamba hapo uzito umezidi. Ila usilimwage kila toil inapotokea. Mwanafunzi akitoil na vitabu vyake, yeye anahangaika navyo tu. Na ukikutana na ile hotuba ya Churchill ya tarehe 13 Mei 1940, aliposema hana cha kutoa ila "blood, toil, tears and sweat", angalia usiiruke. Watu wengi wakimnukuu hubaki na damu, jasho na machozi, toil ikaachwa njiani. Mimi huwa inaniuma.

Usiamue kabla hujanitumia ukurasa wote, sentensi moja hainitoshi. Nataka kujua huyo mzee aliyepindwa mgongo alikuwa akifanya kazi gani.

Akupendaye,
Mama yako