Wanafunzi wangu wanasoma habari za kura kama hadithi, nifanyeje?

SWALI: Habari zenu. Mimi ni mwalimu wa Gredi ya 4 huku Kayole, Nairobi, nafundisha Kiswahili. Nimejaribu kuwapa watoto taarifa fupi juu ya uchaguzi lakini wakimaliza wananiuliza nani ndo mzuri na nani mbaya, nikiuliza swali la ufahamu wananijibu yale walisikia nyumbani, mara wawili wanarushiana maneno eti nani atashinda 2027. Mzazi mmoja ashaanza kusema nawaingizia watoto siasa. Niache hii mada?
Mwalimu, Kayole

JIBU: Usiache, mwalimu. Hao watoto hawana shida na kura, wamezoea hadithi, na hadithi lazima iwe na sungura na fisi, sasa ukiwapa karatasi imeandikwa uchaguzi wanaanza kutafuta fisi ni nani. Kabla wasome, wakuambie wanataka kujua nini, andika ubaoni, halafu wasome wakiwinda hayo majibu, na si lazima waanze mstari wa kwanza, wacha waruke waangalie vichwa vidogo, jedwali, maneno chini ya picha.

Taarifa yenyewe iandike wewe, mistari sita saba inatosha. Weka vitu havina ubishi: uchaguzi mkuu ni Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, wa mwisho ulikuwa tarehe 9 Agosti 2022, mpigakura awe ametimiza miaka 18 na amejiandikisha, na anapewa karatasi sita, ya rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa kike na MCA, yaani mjumbe wa wadi kwenye bunge la kaunti. Hizo sita zitie kwa jedwali, huku cheo, huku anachaguliwa na watu wa wapi. Gavana, seneta na mwakilishi wa kike ni kaunti nzima, mbunge ni eneobunge na Nairobi tunayo 17, MCA ni wadi na ziko 85. Ukifika hapo kuna mtoto atauliza wadi yao inaitwaje hata hujamsukuma.

Sasa maswali, na hapa ndo ningekaa sana. Uliza yale ya kawaida lakini kila mara chomeka moja lenye jibu halimo kabisa, mfano nani atashinda 2027. Mtoto akijibu mwambie aweke kidole kwa huo mstari. Akikosa pa kuweka, basi hiyo ameitoa nyumbani, usimgombeze, chora safu mbili ubaoni, "Imeandikwa hapa" na "Nimesikia", yake iende ya pili. Wale wako wawili wa kurushiana maneno watajikuta wote wako safu moja, ubishi utaishia hapo (ama uhamie nje wakati wa breki, hiyo siwezi kukusaidia).

Wakishazoea wape sentensi nzito kidogo: mshindi wa urais lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa na pia angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Watu wazima wengi husoma wakaishia kwa nusu. Wapige mstari chini ya "na pia", kisha wakuambie hizo ni kaunti ngapi kwa uchache. Ni 24, lakini usiwaambie haraka.

Huyo mzazi muonyeshe karatasi tu. Haina jina la mgombea, haina chama, haina hata rangi ya chama. Siku ukiingiza hayo atakuwa na haki ya kulalamika, si leo.

Na mkichagua kiranja, wapige kura za siri kisha wajaze fomu yao wenyewe kama ile ya matokeo hubandikwa mlangoni mwa kituo, walioandikishwa wangapi, kura halali ngapi, zilizokataliwa ngapi, kila mgombea amepata ngapi. Za wagombea zikijumlishwa zisipolingana na kura halali, wahesabu tena.