Sebule Inayochemka Alasiri

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, tumejenga nyumba ya kisasa ya paa la kuficha, yaani lenye bati lililofichwa nyuma ya ukuta, huko Kigamboni, Dar es Salaam, na sebule yake ina madirisha makubwa ya vioo upande wa magharibi. Ifikapo saa tisa alasiri haikaliki bila kiyoyozi. Tulikosea wapi, na tufanye nini bila kubomoa?

JIBU: Kosa halimo katika usasa wa nyumba, bali katika kile kilichoondolewa ili ionekane ya kisasa, yaani ukingo wa paa uliokuwa ukizitia kuta kivuli. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Kwa hiyo jua la adhuhuri huwa juu sana na hukingika kwa urahisi, ilhali lile la alasiri huja likiwa chini na kupenya moja kwa moja katika vioo vya magharibi, na pazia, hata liwe zito namna gani, halifui dafu kwa kuwa joto limekwisha kuingia ndani. Likingeni jua kwa nje, kwa ukuta wa matofali ya matundu uliotengwa kidogo na dirisha, au kwa mti wa kivuli iwapo mna subira.

Kisha mwambieni fundi atoboe matundu ya hewa katika ukuta unaoficha bati, kwani hewa ya moto hukwama juu ya dari. Akiwa huko juu, asafishe pia mfereji wa maji ya mvua, ambao ndio ugonjwa mkuu wa mapaa haya.