Jibu: Ombi la ruzuku ya kikaushio cha omena, Busia na Majanji

Habari dada. Nimekuelewa: nyinyi wa Busia na wenzenu wa Majanji, upande wa Uganda, mmeomba ruzuku ya kikaushio cha pamoja cha omena (dagaa) ili biashara isimame tena baada ya korona. Ombi limerudishwa mara mbili bila kuambiwa kasoro iko wapi.

Kwanza angalieni karatasi inayowaunganisha. Sisi hapa Kisumu tulikwama papo hapo. Kila kikundi kilikuwa na cheti chake, lakini hatukuwa tumeandika popote nani anashika pesa, mashine ni ya nani na faida inagawanywaje. Tukaandika kurasa mbili, wenyeviti wote wakatia sahihi, tukaambatanisha.

Hasara nayo ionyesheni, msiisimulie tu. Mwaka 2020 malori ya mizigo yaliendelea kuvuka Busia, ila mama mwenye beseni kichwani alizuiwa. Tulipiga picha daftari letu la mauzo: Februari ukurasa umejaa hadi pembeni, Aprili mstari mmoja, debe moja la omena. Picha ile ilitusaidia kuliko maneno yetu yote.

Halafu elezeni mtavusha vipi. Tajeni cheti rahisi cha asili ya bidhaa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa mzigo usiozidi dola 2,000. Kinaondoa ushuru wa forodha, si kila ada, kwa hiyo wekeni gharama za ukaguzi kwenye bajeti.

Ukiweza, weka hapa ukurasa wa bajeti. Nitausoma jioni hii.