Jibu: Wachezaji wa zamani wameipokeaje Oblivion Remastered?

Ndugu, umeuliza kama sisi tulioicheza Oblivion ya 2006 tumeridhika na Oblivion Remastered, yaani mchezo huohuo wa video uliotengenezwa upya. Wengi wetu tumeipenda sana. Sasa unaweza kukimbia kwa kasi, na mfumo wa kupanda ngazi (mhusika wako kuongezeka nguvu kadiri unavyocheza) hauadhibu tena mtu aliyechagua ujuzi vibaya. Ukitoka kwenye mtaro wa gereza mwanzoni mwa mchezo ukaliona ziwa na magofu ng'ambo, lazima usisimke!

Kinachokera ni picha kukwamakwama ukiwa nje porini, hata kwenye kompyuta yenye nguvu. Tena maadui bado wanapanda ngazi pamoja nawe, hadi majambazi wa barabarani wanavaa deraya za kioo, ambazo ni za hali ya juu. Hilo lilistahili kurekebishwa. Wapo pia wanaolilia kijani kibichi cha zamani, na nawaelewa, rangi mpya imefifia mno. Kama kompyuta yako ni ya wastani, anza kwa kupunguza ubora wa vivuli.